Usiku mmoja Saint-Malo, na bahari isiyofanana na ya Lamu

SWALI: Mshauri wetu, salamu nyingi. Sisi ni familia ya watu watano tunaoishi Uholanzi. Mwezi wa Agosti tumekodi gari-nyumba, lenye vitanda, jiko na choo ndani, na tutateremka nalo pwani ya Ufaransa hadi Bretagne, ambako tutalala usiku mmoja katika mji wa bandari wa Saint-Malo. Mume wangu, mzaliwa wa Lamu, anataka tuegeshe karibu kabisa na ukuta wa mji, kisha atuvushe kwa miguu hadi kisiwa cha Grand Bé maji yakipwa. Anasema aliyekulia pwani hafundishwi bahari. Mimi nina mtoto wa miaka minne, na moyo wangu hautulii. Je, hofu yangu ni ya bure?
Mama Watoto, Utrecht

JIBU: Dada yangu, hofu yako si ya bure, ingawa shemeji naye hakukosea kuyatamani matembezi hayo. Hesabu yake ya mwezi itamfaa hata huko, kwa kuwa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu kama ilivyo kwetu, na siku hizo maji ya Saint-Malo hupwa kabisa wakati wa alasiri, saa ambayo watoto wako macho. Kitakachomponza ni kimo. Katika pwani yetu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa siku za bamvua ni takriban mita 4. Saint-Malo hupita mita 12. Muda wa kujaa ni uleule wa saa sita hivi, kwa hiyo maji ya huko hupanda kwa kasi ya karibu mara tatu ya yale aliyoyazoea.

Njia ya kwenda kisiwani huanzia ufuo wa Bon-Secours, chini ya ukuta, nayo ni ya mawe yaliyolala chini kuliko kisiwa chenyewe. Hapo ndipo watu hunaswa: wakati nyinyi mko juu mkilitazama kaburi la mwandishi Chateaubriand, aliyezikwa hapo mwaka 1848 akielekea bahari, maji huwa yanaifunika njia nyuma yenu. Vukeni maji yakiwa bado yanapwa, na muwe mmekwisha kurudi ufuoni kabla hayajageuka. Katika majedwali ya Kifaransa ya maji kujaa na kupwa, kila kujaa hupewa namba ya ukubwa wake kati ya 20 na 120. Ikizidi 95, jueni ni bamvua kamili. Hakikisheni pia kwamba saa zilizoandikwa ni za majira ya kiangazi, kwa sababu baadhi ya majedwali huwa nyuma kwa saa moja. Mkichelewa, msijaribu kabisa kuvuka, hata maji yakiwa ya magotini. Kaeni juu ya kisiwa mpaka yapwe tena, na mkihitaji msaada pigeni 196, namba ya uokoaji baharini, au 112.

Mawe hayo yana mwani wa kijani unaoteleza kama sabuni, basi mvisheni mdogo wenu viatu vya raba vinavyobana mguu, si ndala. Kwa maoni yangu, yeye angefurahi zaidi palepale Bon-Secours, ambapo pana bwawa lililozungushiwa ukuta na kubaki na maji ya bahari baada ya bahari yenyewe kuondoka.

Kuhusu kuegesha, msimfuate shemeji. Mitaa ya ndani ni myembamba, na maegesho mengi ya pwani ya Ufaransa yana vizuizi vya kimo ambavyo gari-nyumba halipiti. Wekeni nafasi mapema kwenye kambi iliyo nje ya ukuta, muingie mjini kwa basi au kwa miguu. Maji machafu na choo vimwagwe kambini tu, mahali palipotengwa.

Jioni zungukeni juu ya ukuta, mwendo usiofika kilomita 2. Sehemu kubwa ya mji uliomo ndani iliteketea Agosti 1944 na kujengwa upya kwa mawe. Mtaikuta sanamu ya Robert Surcouf, anayesifiwa kama shujaa wa bahari. Naomba sana muwaambie watoto kwamba mtu huyo alisafirisha pia watumwa katika Bahari ya Hindi, bahari ya babu zao, kwani si kila anayewatembeza hapo atalitaja.

Asubuhi, mkielekea Dinard, mtapita juu ya bwawa la mto Rance, ambalo tangu mwaka 1966 huzalisha umeme kwa nguvu ya maji kujaa na kupwa, kwa mitambo 24. Barabara hiyo ina daraja linaloinuliwa kupisha mashua, kwa hiyo ondokeni na muda wa ziada, na shemeji apate nafasi ya kuyatazama maji yakizunguka chini yake.