Noah SR40, mshale wa tempericha unapanda ukiwasha taa na AC: pima kwanza kabla hujafungua hedi

Mkuu nimesoma swali lako lote. Noah SR40 ya 2000 injini 3S, mchana mshale umetulia katikati, usiku ukiwasha taa na AC unapanda mpaka unakaribia H (upande wa moto), ukizima unarudi, na maji kwenye rejeta hayapungui. Fundi wa kwanza kasema gasketi ya hedi (kile kichwa cha juu cha injini) imekwenda, wa pili kasema toa themostati (ile vali ya maji inayofunguka kwa joto), wa tatu anataka feni iungwe dairekti. Naomba usimruhusu hata mmoja aguse hiyo gari kwa sasa, maana kwa maelezo yako hakuna hata mmoja aliyepima joto la maji, wote wamesoma mshale tu, na hicho unachokiona mimi nimekiishi kwenye Noah ya familia kama hiyo hiyo.

Kitu cha kwanza, huo mshale unapanda kwa haraka gani? Hapa ndo penye jibu kubwa. Ukibonyeza switchi ya taa na mshale ukaruka papo hapo, hilo sio joto. Maji ya injini pamoja na bloku na hedi ni mzigo mkubwa wa chuma na kimiminika, haiwezekani vipate moto nyuzi kumi au ishirini ndani ya sekunde moja afu vipoe sekunde hiyo hiyo ukizima. AC yenyewe inaongeza joto kweli, kwasababu kondensa iko mbele ya rejeta na inapuliza hewa ya moto ndani yake, ila hiyo inachukua dakika kadhaa tena hasa kwenye foleni au mlimani, na ukizima AC mshale hauanguki pale pale, unashuka taratibu. Kwahiyo kesho gari ikiwa imesimama na injini inanguruma washa vitu kimoja kimoja, taa kubwa, waipa, feni ya ndani, breki ukanyage, na uangalie mshale wa mafuta pia. Ukiona mshale wa mafuta nao unacheza pamoja na wa joto basi tatizo liko kwenye dashibodi yenyewe au ethi yake (njia ya umeme kurudi negative) au fyuzi yake. Ukiona wa mafuta umetulia na wa joto peke yake unaruka, twende kwenye injini.

Ngoja nieleze hii geji inavyofanya kazi maana ukishaelewa hapa hakuna wa kukudanganya. Kwenye 3S za SR40 kuna sensa mbili za joto pale maji yanapotokea kwenye hedi, moja ina pini mbili hiyo ni ya kontroli boksi (kompyuta ya injini), nyingine ina waya mmoja tu hiyo ndo ya mshale. Hazijuani kabisa. Ndo maana fundi anaweza kuunganisha TE1 na E1 (pini mbili za soketi ya kupimia) akahesabu taa ya check engine inavyopepesa, asione kodi 22 ambayo ni ya mzunguko wa sensa ya joto, akasema sensa iko poa, kumbe kapima ile ya kontroli boksi na ya mshale hajaigusa. Hii ya waya mmoja inapeleka umeme wake ethi kupitia nyuzi za mwili wake wenyewe, pale ilipofungwa kwenye chuma cha injini. Ikiwa ya baridi ukinzani wake ni mkubwa, mshale unakaa C (upande wa baridi), maji yakipata moto ukinzani unashuka na mshale unapanda. Kwenye 50°C unapata kama ohm 200 hivi, kwenye 120°C inabaki kama 20. Ni hivyo tu, umeme mwingi ukipita mshale unapanda, umeme ukipungua mshale unashuka, na geji haina habari kama umeme umeongezeka kwasababu ya joto au kwasababu nyingine.

Sasa hiyo sababu nyingine ndo ilikuwa kwangu na nahisi ndo yako. Kuna waya mnene wa ethi, saa nyingine ni ule wa kusukwa, unatoka kwenye bodi kwenda kwenye injini. Kwangu gari ilikuwa imetoka kushushwa giaboksi, ule waya ukarudishwa ukiwa umelegea na juu yake kuna kutu. Taa zikiwaka umeme wake unarudi kwa bodi, na alteneta ambayo negative yake ni mwili wake uliofungwa kwenye injini inautaka ule umeme urudi, sasa njia imekuwa nyembamba, kwahiyo panakuwa na tofauti ya volti kati ya bodi na injini. Sensa imekaa kwenye injini, dashibodi ethi yake iko kwenye bodi, ile tofauti inaongeza umeme unaopita kwenye geji na mshale unapanda wakati maji yako vizuri kabisa. Unazima taa, unarudi. Mi niliambiwa kufungua hedi, gari haijawahi kupungukiwa hata na kikombe cha maji. Nikasema hapana, kwanza nione namba.

Namna ya kupima: maltimita weka DC 20, ncha moja gusa chuma kisafi cha bloku, nyingine gusa bodi palipokwanguliwa rangi, injini inanguruma, taa full, AC, feni ya ndani mwisho. Inatakiwa usome karibu na sifuri, 0.1 unavumilia, ukiona 0.3, 0.5 kwenda juu hapo ethi imekufa. Afu rudia kati ya negative ya betri na bloku, na kati ya negative ya betri na bodi, ili ujue ni waya upi hasa. Dalili nyingine ya ethi mbovu ya injini, ukipiga stata inavuta kivivu, na kwa gari zenye kebo ya eksileta ile kebo inapata moto kwasababu umeme wa stata unatafuta njia ya kurudi popote unapoipata. Kama ni hiyo, fungua, kwangua kutu mpaka chuma king'ae pande zote mbili, kaza, paka grisi juu, na kama waya umeliwa weka mpya mnene. Wala usiende mbali kutafuta spea, fundi umeme yeyote anakutengenezea na kichwa cha shaba.

Ila mkuu nisikupe moyo bure. Kusema geji inadanganya ni jambo la kuthibitisha, sio la kujifariji, maana hiyo gari inabeba watoto. Kwahiyo lazima joto la kweli ulijue kwa njia ambayo haipiti kwenye huo mshale. Hizi skana za bluetooth za bei nafuu kwa SR40 za Japani mara nyingi hazishiki, usipoteze hela, kwa gari mpya zaidi ndo zinasaidia. Tafuta kipima joto cha bunduki cha mafundi, na sio kile cha kupima homa kwenye paji la uso, kile kinaishia nyuzi arobaini na kitu. Inua siti ya mbele upate injini, bandika kipande cha selotepu nyeusi pale kwenye chuma cha njia ya maji karibu na sensa, kwasababu alumini inayong'aa inakupa namba ya chini kuliko ukweli, afu lenga hapo. Injini ikishapata moto sawasawa namba ikae 80 na kitu mpaka 90 na kitu. Themostati ya 3S inaanza kufunguka kwenye 80 mpaka 84 na ikifika 95 iko wazi kabisa. Sasa washa taa mshale upande huku umelenga pale pale. Mshale unaelekea H na namba haijasogea, umemaliza ubishi, waite hao mafundi watatu waone kwa macho yao. Namba nayo inapanda, 105, 110, zima injini, hilo ni joto la kweli na ethi haihusiki.

Na usifungue mfuniko wa rejeta kwa moto, nakuomba sana. Ule mfuniko unashikilia presha kama baa 0.9 juu ya ile ya kawaida, maji ndani yanaweza kuwa zaidi ya 110 bila kuchemka, ukifungua tu presha inatoka, maji yanachemka ghafla na kukurukia usoni pamoja na mvuke. Usawa wa maji unaangaliwa asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, kwenye rejeta yenyewe, maana kopo la akiba linaweza kuwa limejaa na rejeta iko nusu.

Hapa niseme la shemeji yangu kwasababu lake ni kinyume na lako na ndo baya zaidi. Yeye mpira wa maji ulipasuka njiani kupanda mlima Kitonga, maji yakaisha, na mshale ukashuka kwenda C. Akaona gari imepoa, akaendelea. Sensa inasoma maji, isipokuwa na maji inaning'inia kwenye hewa na mvuke na inaweza kusoma chini wakati hedi inaungua. Hedi ilipinda. Ndo maana nasema mshale ukishuka ghafla safarini bila sababu uuogope kama unavyouogopa ukipanda. Washa hita, ikitoa hewa ya baridi wakati injini imetembea muda mrefu basi maji hayazunguki, paki. Najua huku pwani hita hakuna anayeiwasha, lakini kwa kazi hii ni chombo kizuri na kipo bure ndani ya gari. Na Noah hizi injini imekaa chini ya siti, mabomba ya maji ni marefu kwenda mbele, hewa inakaa humo. Ukibadilisha kulanti jaza taratibu, hita iwe wazi, paki mahali ambapo mdomo wa kujazia uko juu kuliko sehemu nyingine, acha injini inguruma mpaka mapovu yaishe. Hewa iliyobaki inafanya mshale upande na kushuka bila mpangilio, na watu wanapelekwa kufungua hedi kwa hilo tu.

Ethi ikiwa nzima na volti ziko sawa, rudi kwenye waya wa sensa. Chomoa ule waya mmoja, switchi ON bila kuwasha injini, mshale uende C. Ukibaki juu basi waya umechubuka mahali na unagusa bodi. Afu uguse ethi kupitia kibalbu kidogo cha wati 3.4 kama vile vya dashibodi, sio waya mtupu, Toyota wenyewe kwenye vitabu vyao vya matengenezo wanataka kibalbu kiwepo katikati ili geji isiungue. Balbu iwake na mshale uelekee H. Usipoelekea, waya umekatika au geji imekufa. Ukielekea, geji na waya ni vizima, mtuhumiwa ni sensa. Sensa ifungue injini ikiwa baridi, iweke kwenye sufuria ya maji pamoja na kipima joto, maltimita kwenye ohm, angalia ukinzani unavyoshuka maji yakipata moto. Ushuke kwa utulivu, ukirukaruka itupe. Themostati unaipima kwenye sufuria hiyo hiyo, hata ukiwa Arusha ambapo maji yanachemka kwenye 95 hivi bado yanatosha kuifungua, na ukiirudisha kile kitundu chenye kipini kinachochezacheza kikae juu kitoe hewa. Ukinunua sensa mpya ipime pamoja na ya zamani kabla hujafunga, zile za bei ya chini sana zinasoma tofauti, mi bora nichukue orijino ya mtumba iliyotoka kwenye injini ya Japani. Na fundi asizungushie selotepu nyeupe ya mabomba kwenye nyuzi zake, ile inazuia ethi na mshale unasoma chini, unabaki unadhani injini imepoa.

Kuhusu ushauri uliopewa. Kutoa themostati hapana, injini itatembea ya baridi, kontroli boksi itamwaga mafuta muda wote ikidhani ndo kwanza umewasha, na wala haigusi tatizo lako. Feni dairekti hapana, unaondoa ulinzi na unaongeza mzigo kwenye ethi ambayo huenda ndo mbovu. Gasketi ya hedi ina dalili zake, maji yanapungua bila kuonekana yanakoenda, mipira ya rejeta inakuwa migumu dakika chache tu baada ya kuwasha asubuhi wakati maji bado baridi, mapovu hayaishi kwenye mdomo wa rejeta, oili inakuwa kama maziwa. Na kuna kile kimiminika cha buluu cha kupimia gesi, kinawekwa juu ya mdomo wa rejeta, kikigeuka njano gesi ya silinda inaingia kwenye maji. We husemi hata moja katika hizo. Mwambie huyo fundi alete hicho kipimo kwanza.

Anza na hiyo voltage kati ya bodi na bloku, taa zikiwa zimewaka na zikiwa zimezimwa, andika namba zote mbili hapa, pamoja na namba ya bunduki na usawa wa maji asubuhi. Na kama hiyo gari ilishawahi kushushwa injini au giaboksi hivi karibuni tuambie, maana hapo nitakuelekeza bolti ya kuanza nayo.