Mama Karani Anajibu: Pesa ya Usiku

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka kwa watu wanaoanza kazi jua likishazama: wahudumu wa baa, wauza chipsi, wenye grosari. Wanauliza mambo ya benki, na wanayauliza kwa uchungu. Nilikaa dirishani benki miaka mingi kabla sijafungua kibanda changu cha uwakala hapa Kinondoni, kwa hiyo nimewaona watu hawa pande zote mbili. Nitajibu nne, na ya kwanza nitakaa nayo.

*Shikamoo Mama Karani. Nahudumu baa moja Sinza. Mtoto aliumwa, nikachukua laki 2 kwa wale wakopeshaji wa mtaani, wa kausha damu. Narejesha 8,000 kila siku kwa siku 30. Jamaa anakuja mwenyewe kaunta saa 3 usiku, mimi hata tipu sijapata. Kadi yangu ya benki anayo yeye, na namba ya siri nilimpa. Wenzangu wanasema Benki Kuu haiwezi kuwafanya kitu watu hawa. Ni kweli? — Mhudumu, Sinza*

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguliwa.

Tuanze na hesabu, maana hapo ndipo wanapowamaliza. Elfu 8 mara siku 30 ni 240,000. Yeye atakwambia riba yake ni asilimia 20. Si kweli. Wewe hukai na laki 2 mwezi mzima. Siku ya 15 umesharudisha 120,000, lakini riba unayolipa ni ya mtu ambaye bado ana laki 2 zote mkononi. Ukipiga hesabu kwa deni linalobaki siku hadi siku, inakaribia asilimia 40 kwa mwezi. Ukomo uliowekwa na Benki Kuu kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wasiopokea amana, ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki 2, hiyo ni shilingi 7,000. Riba ya halali ya mwezi mzima ni ndogo kuliko rejesho lako la usiku mmoja.

Sheria ipo. Inaitwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha, ya mwaka 2018, na inataka kila anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni. Mwenye leseni anakupa mkataba wa maandishi wenye riba, gharama zote na tarehe. Mwombe huyo bwana leseni na mkataba. Akikujibu kwa kelele, umeshapata jibu.

La haraka zaidi ni kadi. Najua ukitoka kazini alfajiri unatafuta kitanda, na benki inafungua usingizi ndiyo umekushika. Usisubiri. Piga simu huduma kwa wateja ya benki yako, waambie kadi iko kwa mtu mwingine, waifunge. Kisha nenda na kitambulisho uombe kadi mpya na namba mpya ya siri. Namba ya siri hapewi mume, hapewi meneja, hapewi mkopeshaji. Deni la msingi lilipe, ni haki yake, lakini kila rejesho liandikwe na lisainiwe mbele ya mtu. Akikutisha au kukudhalilisha mbele ya wateja, nenda polisi. Malalamiko juu ya wakopeshaji yapeleke Benki Kuu, wanayapokea.

Sasa nirudi kwa wenzako. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yaliyokuwa yakikopesha bila kibali. Wengi mtaani kwangu walishangilia, kwa sababu programu zile zilikuwa zinampigia simu bosi wako, mama mkwe, hata fundi wako wa nguo, kuwatangazia kwamba unadaiwa. Lakini anayekuja kaunta saa 3 usiku na daftari la mistari chini ya kwapa hana programu ya kufungia. Hana bango, hana ofisi. Mageuzi yamefika kwenye simu, kwenye kaunta bado. Mpaka atakapotokea mtu wa kukagua mikopo katika saa ambazo mikopo hiyo inatolewa, sioni wenzako watabadilishaje mawazo, na mimi siwalaumu.

Mtoto anaweza kuumwa tena, kwa hiyo ujue pa kwenda. Wahudumu wa baa jirani na kibanda changu wanakutana Jumatatu mchana, biashara ikiwa imelala, wanachangishana na kukopeshana wenyewe. Vikundi vya aina hiyo sheria inavitambua, ni daraja la nne, na vinasajiliwa halmashauri. Kikundi kikishasajiliwa kinaweza pia kuomba ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri: 4 ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Haina riba. Muone afisa maendeleo ya jamii wa kata yako, na uende na wenzako, usiende peke yako.

*Mama Karani, salaam. Kijiwe chetu cha kahawa hapa Manzese kinagombana kila jioni. Wengine wanasema tozo za miamala zilifutwa, wengine wanasema bado tunakatwa. Nani ana haki? — Mzee wa kijiweni*

Shikamoo mzee wangu. Wote wana haki kidogo.

Tozo, yaani makato ya serikali kwenye miamala ya simu, ilianza tarehe 15 Julai 2021, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi. Aliyetuma alikatwa, na aliyepokea akienda kutoa alikatwa tena. Kelele zikawa nyingi, Septemba mwaka huohuo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Mwaka 2022 kiwango cha juu kikashuka hadi 4,000, lakini wigo ukapanuliwa ukaingia mpaka benki. Watu wakapaza sauti tena, na kuanzia Oktoba 2022 serikali ikaondoa tozo kwenye kuhamisha fedha kati ya benki na simu na baina ya benki. Bajeti ya 2023/24 ikaiondoa kwenye kutuma, ikaiacha kwenye kutoa taslimu.

Kwa hiyo anayesema ilifutwa anazungumzia kutuma. Anayesema anakatwa anazungumzia kutoa, au anaona ada ya kampuni ya simu, ambayo ilikuwepo kabla ya tozo na ipo mpaka leo. Someni ujumbe wa muamala pamoja hapo kijiweni. Ada na tozo huandikwa mbalimbali.

Maoni yangu siyafichi. Tozo ile iliwaumiza zaidi wanaotuma kidogo kidogo. Mhudumu anayetuma 10,000 nyumbani Singida leo na 5,000 keshokutwa alikatwa kila mara, na mama yake akimwambia "weka na ya kutolea" ilibidi aweke zaidi. Nakumbuka dirisha langu lilivyopoa miezi ile. Watu walirudi kumpa kondakta wa basi bahasha. Tulikuwa tumekaa tangu 2008 tukiwafundisha kuiamini simu. Imani hiyo imerudi, ila si yote, na nyie wazee mnaogombana kwenye kahawa ndio ushahidi.

*Habari Mama Karani. Nina grosari Mwananyamala. Ikifika saa 5 usiku muziki uko juu, mteja ananionyesha ujumbe kwenye simu yake kwamba amelipa Lipa Namba, namwachia anaondoka. Asubuhi nikihesabu pesa haipo. Nirudi kwenye taslimu tu? — Mwenye grosari*

Nzuri ndugu yangu. Usirudi kwenye taslimu.

Ujumbe ulio kwenye simu ya mteja si malipo. Mtu anaweza kuuandika mwenyewe, anaweza kukuonyesha wa juzi. Malipo ni pale simu yako wewe, iliyosajiliwa na Lipa Namba hiyo, inapopokea ujumbe kutoka kwenye jina la mtandao wenyewe. Hata huo usiuamini kwa kuutazama tu. Fungua menyu uangalie salio. Simu hiyo ikae kaunta, imechajiwa, ikiwa kwenye mtetemo ili muziki usiifunike, na ishikwe na mtu mmoja kwa zamu. Kinywaji kinatoka baada ya kaunta kusema imeingia. Mteja mwema hatakasirika kusubiri nusu dakika.

Tena usikubali mhudumu apokee kwenye namba yake binafsi, hata mteja akisema mtandao wake ni tofauti. Siku hizi mfumo wa malipo ya papo kwa papo wa Benki Kuu, ule wa TIPS, unaunganisha mitandao na benki, mteja wa huku analipa namba ya kule.

Sababu ya kukusisitizia ni hii. Nikiwa benki nilimwona mwenye baa anarudishwa bila mkopo, baa yake inajaa kila Ijumaa, kwa kuwa hakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha mauzo. Kila bia inayolipiwa kwenye namba ya biashara yako inaacha rekodi kwa jina lako. Siku ukitaka friji mpya, peleka taarifa ya miamala ya miezi 6 mezani kwa afisa mikopo, mzungumze riba mkiwa mnaitazama wote wawili.

*Shikamoo mama. Nauza chipsi na mishikaki usiku Magomeni. Dada yangu alikuwa na akiba kwenye moja ya benki zilizofungiwa mwaka 2018. Tangu hapo pesa yangu naiweka ndani. Nakosea? — Muuza chipsi*

Marahaba mwanangu. Hofu yako ina msingi. Januari 2018 Benki Kuu ilizifutia leseni benki 5 kwa kuwa mitaji yao ilikuwa chini ya kiwango cha sheria, na wenye amana wakati huo walikuwa na kinga ya shilingi milioni 1.5 tu kila mmoja. Leo kinga ya Bodi ya Bima ya Amana, inayowalipa wateja benki ikifungwa, ni milioni 7.5 kwa mteja katika benki moja. Kwa akiba ya meza ya chipsi, hiyo inatosha wengi wetu. Pesa ya ndani mwizi akiipata, au moto, hakuna bodi ya kuirudisha. Bakiza ya viazi, mafuta na mkaa wa kesho, nyingine ilete kwa wakala unapofunga. Wengine tuko wazi mpaka usiku.

Na dada yako, kama hajawahi kufuatilia, aende Bodi ya Bima ya Amana na kitabu chake cha benki na kitambulisho. Bodi hiyo ndiyo iliyoteuliwa kuwa mfilisi wa benki zile, na ndiko atakakoambiwa kama kuna chochote kilichobaki kwa jina lake.