Anime: Flashi, Diski na Sanamu za Kariakoo

Maswali ya safari hii kuhusu anime, yaani katuni za Kijapani, ni mengi kuliko nafasi, kwa hiyo nimechagua yale ambayo jibu lake linaweza kumwokolea mtu hela au bando. Msimamo wangu mnaujua: tazama chochote kinachokufurahisha, lakini kabatini weka kile tu utakachokirudia.

Kaka, nimeanza Naruto halafu nikaambiwa ziko sehemu 720. Ni lazima nizitazame zote? (Msomaji, Mwanza)

Si lazima, na ukijilazimisha utaishia kuichukia hadithi nzuri. Hesabu uliyopewa ni ya kweli: sehemu 220 za Naruto ya kwanza, iliyorushwa 2002 hadi 2007, na 500 za Shippuden, mwendelezo wake, zilizomalizika 2017. Shida ni kwamba wakati zinarushwa, Masashi Kishimoto alikuwa bado anaichora hadithi yenyewe kwenye jarida la Shonen Jump, sura moja fupi kila wiki. Runinga nayo ilitaka sehemu mpya kila wiki, na sehemu moja humeza sura zaidi ya moja. Haikuchukua muda wakamfikia mchoraji mgongoni. Hapo ama usimame umngoje, ama upige porojo, na miaka ile hakuna aliyekuwa tayari kuachia nafasi yake kwenye ratiba ya televisheni. Wakapiga porojo. Kuanzia sehemu ya 142 hadi ya 219 unakaribia kutazama porojo tupu, zile ambazo mashabiki wanaziita fila. Ziruke zote, tazama ya 220, ingia Shippuden. Huko nako fila zipo, ila zimetawanyika. Tafuta orodha kabla hujamaliza bando.

Kuna waliojaribu njia ya tatu. Studio ya Bones ilipoanza Fullmetal Alchemist mwaka 2003, manga ya Hiromu Arakawa, yaani hadithi ya kuchorwa vitabuni, ilikuwa bado changa, basi wakajitungia mwisho wao na kufunga kwa sehemu 51. Mwaka 2009 studio hiyohiyo ikaanza upya, sehemu 64, safari hii ikiifuata manga mpaka ukingoni, na manga na anime hiyo mpya zikamalizika 2010. Karibu kila mtu atakwambia ya pili ndiyo bora. Mimi bado naipenda zaidi ya 2003, kwa sababu waandishi wake walilazimika kufikiri wenyewe, na majeraha ya wale ndugu wawili, wahusika wakuu, yanauma zaidi pale.

Siku hizi kazi nyingi hutolewa kwa misimu ya sehemu 12 au 13, kisha mnangoja. Watu wanalalamika kungoja. Mimi silalamiki, nimekwisha kuzionja fila.

Sauti ya Kijapani yenye maandishi chini, au iliyoingizwa Kiingereza? Rafiki zangu wanasema anayetazama ya Kiingereza si shabiki wa kweli. (Msomaji, Nakuru)

Rafiki zako wana muda mwingi. Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza, tukimsikiliza Lufufu akiisimulia filamu nzima kwa sauti yake moja, na ninyi wa Kenya mliolelewa na DJ Afro, tukianza kumcheka mtu kwa sababu ya sauti iliyoingizwa tutakuwa tumejisahau sana. Tena Wajapani wenyewe walikuwa na watu wa namna hiyo. Enzi za filamu bubu, msimulizi aliyeitwa benshi alisimama kando ya pazia akieleza kisa na kuigiza sauti za wahusika wote, na wapo benshi waliokuwa na majina makubwa kuliko waigizaji wa kwenye filamu. Filamu zenye sauti zilipoenea miaka ya 1930, kazi yao ikapungua hadi karibu kwisha.

Baada ya kusema hayo, mimi natazama kwa Kijapani. Sababu yangu ni waigizaji wa sauti. Kule ni taaluma yenye shule zake na mashabiki wake, na kwa kawaida waigizaji wa onyesho moja hurekodi pamoja chumba kimoja, wakipokezana maikrofoni chache, kwa hiyo mtu anamjibu mwenzake aliye naye palepale. Masako Nozawa, aliyezaliwa 1936, amekuwa sauti ya Goku, shujaa wa Dragon Ball, tangu 1986, na pia ndiye Gohan na Goten. Kuna mahali baba na wanawe wanaongea watatu, na wote ni bibi huyohuyo. Hilo nataka kulisikia kwa masikio yangu.

Ila ukiwa unapika, au macho yamechoka, weka Kiingereza. Cowboy Bebop ya 1998 kwa Kiingereza haina ubaya wowote, na wapo wanaoipenda zaidi hivyo. Mimi ni mmoja wao, usiwaambie hao rafiki zako.

Kwa nini nipoteze hela kununua diski wakati kila kitu kipo mtandaoni, na kisichokuwepo jamaa wa muvi ananijazia kwenye flashi? (Msomaji, Temeke)

Kwanza "kila kitu kipo" si kweli, na kilichopo leo si lazima kiwepo kesho. Tarehe 2 Aprili 2024 Funimation, huduma ya Marekani ya kutazama anime mtandaoni, ilifungwa baada ya kuunganishwa na mwenzake Crunchyroll. Waliokuwa wamenunua diski zenye namba ya kupata nakala ya kidijitali walikuwa na maktaba nzima mle ndani. Nakala hizo hazikuhamishwa. Walioitunza diski yenyewe waliendelea kutazama kama kawaida.

Pili, kinachobaki mtandaoni hubadilishwa. Neon Genesis Evangelion ya Hideaki Anno, ya 1995, ilipoingia Netflix mwaka 2019, watazamaji wengi wa nje ya Japani waliukosa ule wimbo wa kufungia, "Fly Me to the Moon", ambao sehemu mbalimbali ziliupiga kwa namna tofauti. Mahali pake ukawekwa muziki wa piano. Ukiiona kwa mara ya kwanza hivyo hutajua umenyimwa nini. Mwenye diski za zamani anao.

Kinyume chake pia hutokea: diski inakuwa na zaidi ya kilichorushwa. Tarehe 16 Desemba 1997 sehemu moja ya Pokémon ilimulika taa nyekundu na bluu kwa kasi, na watoto zaidi ya 600 wakapelekwa hospitali. Tangu hapo vituo vya Japani vinapunguza mwanga kwenye mapigano yenye mimuliko, ndiyo maana baadhi ya matukio kwenye runinga yanaonekana kama yamefunikwa kitambaa cheusi. Kwenye diski mara nyingi mwanga unarudi, na michoro iliyofanywa mbiombio ili kuwahi siku ya kurusha inachorwa upya.

Kuhusu flashi sina hotuba. Nami nimepitia humo, na kuna kazi ambazo hakuna kampuni iliyowahi kuzileta huku kwa njia yoyote. Lakini jamaa wa muvi hukuwekea picha iliyobanwa mpaka nyuso zimekuwa vumbi, na sehemu ya 7 unaikuta imeandikwa 8. Ijaze flashi kwa ajili ya kuonja, kisha ile kazi moja iliyokushika, inunue.

Nimeagiza DVD halisi kutoka Japani. Ndugu yangu aliyepo Muscat anayo ileile na inacheza, deki yangu ya Dar inaikataa. Nimeibiwa? (Msomaji, Ilala)

Hujaibiwa. DVD iligawa dunia kwa namba: Japani ni 2, na Mashariki ya Kati, Omani ikiwemo, ni 2 pia. Tanzania, Kenya na sehemu kubwa ya Afrika ni 5. Ndiyo maana kwa ndugu yako inaingia na kwako inagoma. Deki nyingi za bei rahisi hazijali namba hizi, ya kampuni kubwa ndiyo itakusumbua. Kwenye kompyuta unaweza kubadili namba ya kisomeo, lakini ukishaibadilisha mara 5 inajifunga palepale, kwa hiyo usiichezee.

Blu-ray mgawanyo wake ni mwingine: Japani iko kundi A pamoja na Marekani, sisi tuko kundi B pamoja na Ulaya. Kwa hiyo mtu wa Afrika Mashariki anayenunua ili atazame aagize toleo la Uingereza. Litacheza, lina tafsiri ya Kiingereza, na mara nyingi msimu mzima uko ndani ya boksi moja. Diski za Japani huuzwa sehemu mbili au tatu kwa diski, kwa maelfu ya yeni, na nyingi hazina tafsiri yoyote. Hizo ni za mtu anayetaka kile kijitabu, boksi lililochorwa upya, na mkanda wa karatasi unaozunguka jalada. Ukinunua ya Japani, mkanda huo usiutupe, maana mnunuzi wa baadaye atauulizia.

Nimeona sanamu ya Goku Kariakoo kwa bei ya kutupa. Muuzaji anaapa ni orijino. (Msomaji, Kibaha)

Kuapa ni sehemu ya biashara. Bei ndogo peke yake haithibitishi kwamba ni feki, kwa sababu zipo sanamu halali za bei nafuu, kama zile za Banpresto zilizotengenezwa kuwa zawadi kwenye mashine za kunasia vitu huko Japani. Tazama boksi. La halali lina nembo ya mtengenezaji na maandishi ya hakimiliki yaliyochapwa vizuri, na nyingi zilizotolewa kwa soko la Japani chini ya kampuni ya Toei Animation zina stika ndogo ya kung'aa. Kisha mtazame Goku machoni. Feki hufeli kwenye macho na kwenye mpaka wa nywele na paji la uso, rangi inavuka mstari. Inuse pia: harufu kali ya plastiki ni dalili mbaya. Kama hana boksi kabisa, mlipe bei ya mdoli na umpende kama mdoli.

Mkaaji wa pwani ana adui mwingine, joto. Sanamu nyingi ni za PVC, na plastiki hiyo ikikaa kwenye joto bila hewa hutoa mafuta, ikawa inanata. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, ikaushe, isimamishe mbali na dirisha. Vitabu vya manga vina shida ya unyevu: karatasi yake ni duni, inageuka njano hata ukiipenda. Vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu usivitupe, vipange nyuma ya vitabu.

Ungepewa hela ya kununua kitu kimoja tu cha anime, ungenunua nini? (Msomaji, Bujumbura)

Seli, bila kufikiri mara mbili. Kabla ya kompyuta, kila mchoro uliopita mbele ya kamera ulikuwa karatasi angavu ya plastiki, mistari mbele, rangi imepakwa kwa mkono nyuma, ikalazwa juu ya mandhari na kupigwa picha. Ukiwa nayo, unayo ileile iliyokuwa mbele ya kamera, na hakuna nyingine. Pembeni utakuta herufi na namba, kama A5, kuonyesha tabaka na nafasi yake katika mfululizo. Studio nyingi ziliziona takataka, zikazigawa au kuzitupa. Karibu wote walihamia kompyuta mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, isipokuwa Sazae-san, kile kipindi cha familia kinachorushwa tangu 1969, kilichoendelea na seli hadi 2013.

Historia hiyo ni kinga ya mfuko wako. Akikuletea mtu seli "iliyotumika" ya Demon Slayer, mwage, kazi hiyo ni ya 2019. Na ukipata ya kweli usiifungie kwenye nailoni isiyopitisha hewa. Plastiki ya zamani huoza na kunuka siki, na harufu hiyo ikiziba ndani huharakisha kuoza kwa jirani zake.

Mhusika mkuu anayekutazama usoni ni bei ya pikipiki. Mimi ningechukua mpita njia aliyefumba macho, mradi mandhari yake ipo.

Mwanangu ana miaka 7. Anime inamfaa? (Mama, Moshi)

Inategemea ipi, mama. Zipo za watoto kama Doraemon, na zipo zinazorushwa Japani usiku wa manane kwa watu wazima. Mwanzie My Neighbor Totoro ya 1988, lakini kaa naye, maana mama wa watoto wale ni mgonjwa na maswali yatakuja. Ila usichanganye: Grave of the Fireflies ilitolewa siku hiyohiyo na studio hiyohiyo ya Ghibli, na hiyo ni ya kukuliza wewe.

Mke wangu ananicheka kwamba mtu mzima natazama katuni. Nimwonyeshe nini? (Msomaji, Morogoro)

Si mapigano. Ukimwekea watu wanaopiga kelele huku nywele zinabadilika rangi, umempa ushahidi. Kama anapenda visa vya upelelezi, kuna Monster, daktari Mjapani huko Düsseldorf anayemwokoa mtoto bila kujua mtoto huyo atakuja kuwa nani, lakini hiyo ina sehemu 74.

Jioni moja inatosha kwa Only Yesterday ya Isao Takahata, ya 1991. Taeko ana miaka 27, anafanya kazi ofisini Tokyo, hajaolewa na nyumbani wanamsema. Anachukua likizo kwenda shamba huko Yamagata kuvuna maua, na njiani anamkumbuka yule binti aliyekuwa darasa la tano mwaka 1966. Hakuna jini wala roboti. Kuna tukio ambalo familia yake imenunua nanasi bichi kwa mara ya kwanza, hakuna anayejua linakatwaje, wanalizunguka kama mgeni wa serikali, na wakilionja nyuso zinaanguka. Mtu wa Morogoro atacheka kwa sababu zake mwenyewe, na hapo utakuwa umeshampata.

Ila majina ya watengenezaji yakianza kupanda asinyanyuke kwenda jikoni. Mwisho wenyewe unatokea wakati huo.