Mafuta kwanza, povu baadaye: maswali yenu kuhusu kuosha uso kwa hatua mbili

Karibu maswali yote yaliyoingia safari hii yanahusu mtindo wa Kikorea wa kusafisha uso mara mbili kila usiku: mafuta au bamu (mafuta ya kusafishia yaliyogandishwa) kwanza, kisha jeli au povu. Nimechukua yanayojirudia na kuyafupisha. Majina nimeyaacha.

Shikamoo dada. Mwenzangu wa chumbani kila usiku anajipaka mafuta usoni, halafu anaosha tena kwa povu. Mimi naosha mara moja tu kwa sabuni ya kuogea na najiona safi. Hayo mafuta ni ya nini? (Mwanachuo, Morogoro)

Marahaba mdogo wangu. Uchafu wa uso una sehemu mbili. Kuna jasho, chumvi na vumbi, ambavyo maji yanaondoka navyo bila shida. Halafu kuna krimu ya kukinga jua, faundesheni, lipstiki ya kudumu, na mafuta ambayo ngozi yenyewe imeyatoa tangu asubuhi. Hivi vya pili maji hayaviwezi, na sabuni inaviondoa nusunusu.

Jaribu mwenyewe. Paka mstari wa lipstiki isiyotoka nyuma ya kiganja, uache ukauke, kisha osha kwa sabuni. Alama itabaki. Sasa dondoshea tone la mafuta ya kula na usugue polepole kwa kidole: rangi inaachia, inasambaa, inafutika. Hatua ya kwanza ndiyo hiyo. Ya pili inakuja kuondoa utando wa mafuta uliobaki pamoja na jasho.

Wakorea wameishikilia njia hii kwa sababu yenye mantiki. Krimu ya kukinga jua kwao ni ya kila siku, mara nyingi SPF 50 (kipimo cha nguvu ya kukinga jua), na juu yake wengi wanaongeza faundesheni ya kushindilia kwa sponji. Vitu hivyo vimetengenezwa ving'ang'anie ngozini. Lakini mafuta ya kusafishia uso hayakuanzia kwao; Mjapani Shu Uemura, msanii wa mekapu, aliyaingiza sokoni mwaka 1967. Wakorea waliyafanya mazoea ya kila nyumba, na ile bamu ya kopo inayochotwa kwa kijiko kidogo ndiyo iliyosambaa duniani kwa jina lao.

Wewe je? Kama unaenda darasani na losheni nyepesi tu usoni, hatua moja inakutosha, usione haya mbele ya mwenzako. Siku ukipaka krimu ya jua au mekapu, ongeza ya mafuta. Ila sabuni ya kuogea iache mwilini. Nyingi zina pH (kipimo cha asidi na alkali) ya 9 hadi 10, na ngozi ya uso inataka karibu 5.

Dada, huku kwetu nazi hazinunuliwi. Nilianza kusafisha uso kwa mafuta ya nazi badala ya kununua hayo ya Kikorea, wiki ya tatu nikatoka vipele vidogo vidogo paji zima la uso, vinawasha. Kosa langu ni nini? (Pangani)

Mafuta ya kusafishia uso hayako peke yake ndani ya chupa. Yamechanganywa na kitu kinachoyafanya yakubali maji. Ndiyo maana ukipaka kwa mikono mikavu kwenye uso mkavu yanateleza kama mafuta mengine yoyote, lakini ukilowesha vidole na kusugua tena yanageuka meupe kama tui. Weupe huo ndio unaobeba mekapu na kuondoka nayo kwenye sinki. Mafuta ya nazi hayageuki. Unamwaga maji, maji yanateleza juu, na utando unabaki umelala nao.

Na ninyi mnaishi kwenye joto na unyevu. Kila ngozi ina fangasi wadogo wanaoishi kwa kula mafuta yake, na mafuta mengi ya mimea yanawalisha vizuri. Vipele vyenye ukubwa mmoja, vinavyowasha, vilivyojazana kwenye paji la uso na mpaka wa nywele, mara nyingi ni kazi yao, si chunusi. Dawa za chunusi hazivigusi, zingine zinavizidisha. Acha mafuta ya nazi usoni, na vipele visipotulia nenda kituo cha afya wavitazame; dawa ya fangasi ipo na si ghali. Mafuta yako ya nazi yapeleke kwenye nywele na visigino, huko yanafanya kazi safi.

Ukinunua ya kusafishia, fanya hivi. Mikono mikavu, uso mkavu, kiasi cha kutosha kuteleza bila kuvuta ngozi. Zunguka taratibu kwa muda usiozidi dakika moja, usisahau mabawa ya pua, mpaka wa nywele na chini ya taya, maana krimu hujificha huko. Lowesha vidole, sugua tena mpaka weupe utokee kila mahali, kisha mwaga maji ya uvuguvugu. Watu wanaolalamika kuwa mafuta haya yanawatoa chunusi, wengi wao waliiruka hatua ya weupe. Walilowesha uso mzima toka mwanzo, au walimwaga maji mara moja tu wakakimbilia kitaulo.

Kuna wanaosema usugue mafuta dakika 4, povu dakika 2, na kusuuza dakika 4. Dakika kumi za kuosha uso! Ngozi haihitaji hivyo, na ndoo yako ya maji pia haihitaji.

Nina kope za kubandika za saluni. Bamu itazing'oa? (Kinondoni)

Itaharakisha. Mafuta yanalegeza gundi. Zungusha bamu mbali na mstari wa kope, na macho yafute kwa pamba yenye kisafishio cha maji kisicho na mafuta.

Nikimaliza ile povu uso unakuwa safi mpaka unalia ukipitisha kidole. Mashavu yanabana mpaka nipake losheni. Ndivyo inavyotakiwa? Nilinunua ya Kikorea halisi. (Mbezi, Dar es Salaam)

Hapana. Ukiusikia uso unalia, ujue umevuliwa hata yale mafuta yake ya kuilinda ngozi. Kwamba ni ya Kikorea hakubadilishi kitu, kwa sababu povu za Kikorea ziko za aina mbili na madukani zinakaa rafu moja.

Geuza tyubu usome viambato, vimepangwa kuanzia kilicho kingi. Ukikuta Myristic Acid, Stearic Acid na Potassium Hydroxide karibu na juu, umeshika sabuni yenye jina zuri. Inatoa povu zito, la kupendeza kwenye video, na pH yake iko juu. Ukikuta Sodium Cocoyl Isethionate au Cocamidopropyl Betaine, hiyo ni ya upole zaidi. Povu lake ni jepesi na utadhani haisafishi, lakini inasafisha. Baadhi ya kampuni huandika "low pH" mbele kabisa ya chupa, na kwa mtu ambaye ameshatumia mafuta kwanza hiyo ndiyo ninayoipendekeza. Kazi kubwa imeshafanyika. Hatua ya pili haina haja ya nguvu.

Halafu kuna maji yenyewe. Mbezi wengi wanatumia maji ya kisima, na ya visima vingi ni ya chumvi. Sabuni ikikutana na maji magumu kama hayo inafanya ule ute mweupe unaoganda kwenye beseni, na ute huo unabaki na usoni pia. Jeli za upole hazigandi hivyo kirahisi. Ukiweza, msuuzo wa mwisho tumia maji ya mvua au ya kunywa, kikombe kimoja kinatosha.

Assalaam alaykum dada. Natia udhu mara tano kwa siku na napaka krimu ya jua asubuhi. Niwe nasafisha kwa hatua mbili kila udhu? Ngozi yangu kavu. (Mombasa)

Wa alaykumu salaam. La, dada yangu, utaimaliza hiyo ngozi. Udhu ni maji matupu, na maji matupu hayana ubaya, mradi usisugue kwa kitambaa baadaye, gusagusa tu. Kama krimu fulani inazuia maji kuifikia ngozi, hilo muulize ustadh, si fani yangu.

Ninachoweza kukupangia ni saa. Udhu ya adhuhuri itumie kama kengele: ukishaswali, paka krimu ya jua upya, kwa kuwa ya asubuhi imeshachoka. Usiku fanya mafuta na jeli muda mfupi kabla ya udhu ya isha. Ukishaswali ndipo upake losheni nzito, ilale nawe bila kuoshwa.

Habari dada, mimi ni wa boda boda. Jioni nikijipangusa kitambaa kinakuwa cheusi, na nina chunusi kwenye paji la uso na mashavuni tu. Haya mambo ya Kikorea ni ya wanaume pia? (Kisumu)

Ngozi haiulizi jinsia. Weusi huo ni vumbi na masizi ya moshi, na masizi yana mafuta ndani, kwa hiyo hatua mbili zitakusaidia kuliko zinavyomsaidia mtu wa ofisini. Kama una ndevu, mafuta yapeleke mpaka kwenye ngozi iliyo chini ya nywele.

Lakini hebu nitazame ramani ya chunusi zako. Paji la uso na mashavu ni pale pale helmeti inapobana. Joto, jasho na msuguano, kila siku, kwenye sponji ambayo haijawahi kuona sabuni. Ing'oe hiyo sponji uifue na kuianika kila wiki, ya abiria pia, na vaa kitambaa chepesi cha pamba chini ya helmeti ambacho unakibadilisha kila siku. Mimi ningeanza na hilo kabla ya kutoa pesa kununua chupa yoyote.

Nimesikia Wakorea wanang'aa kwa sababu ya hii njia. Natumia krimu fulani ya kuchanganyiwa dukani, nikiongeza hatua mbili nitang'aa haraka? (Sitaji mji)

Unachokitumia ni mkorogo, tuuite kwa jina lake. Ndani yake huwa kuna haidrokwinoni, zebaki au steroidi kali, na Tanzania na Kenya zimekataza vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni. Kisafishio kinakaa usoni dakika moja kisha kinaenda na maji. Hakibadilishi rangi ya mtu. Hata kule Korea, bidhaa inayoruhusiwa kudai inapunguza madoa kwa kawaida ni ile inayobaki ngozini, mfano yenye niasinamaidi (aina ya vitamini B3) ya asilimia 2 hadi 5, si ya kuoshwa.

Na ngozi iliyozoea mkorogo imekonda. Ukiisugua mara mbili kila usiku itawaka moto. Usiache krimu hiyo ghafla pia, kama ina steroidi uso unaweza kulipuka wekundu na vipele vibaya kuliko ulivyoanza. Muone daktari wa ngozi na kopo lako mkononi, akupunguzie taratibu. Hatakugombeza, anawaona wengi.

Mwanangu wa miaka sita ana ualbino. Tunampaka krimu ya jua kila siku, jioni inamganda. Hii njia inamfaa? (Same)

Mama, mtoto anahitaji kupakwa kuliko kuoshwa, na hilo mnalifanya vizuri. Jioni, kisafishio kimoja cha upole kisicho na manukato na maji ya uvuguvugu kinatosha. Mahali palipoganda, nyuma ya masikio na shingoni, gusisha bamu kidogo isiyo na harufu, ilainike, kisha suuza. Usisugue kwa dodoki. Mko mkoa mmoja na Moshi: hospitali ya KCMC ndiko inakotengenezwa Kilisun, krimu ya jua iliyobuniwa kwa watu wenye ualbino, na kliniki ya ngozi ya hapo inawachunguza. Kama hajaandikishwa, mpelekeni. Midomo na masikio msisahau kumpaka, na kofia iwe ya ukingo mpana, si kepu.

Nimenunua bamu Kariakoo, chini imeandikwa tarehe ya mwaka jana. Muuzaji anasema haijaisha. Ananidanganya? (Temeke)

Inawezekana anasema kweli. Wakorea wanaandika mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, na chupa nyingine zina tarehe mbili au moja tu. Tazama herufi zilizo kando ya tarakimu. Ikiwa 제조, hiyo ni siku ya kutengenezwa. Ikiwa 까지, hiyo ndiyo mwisho wa kutumika. Wengi wanatupa bidhaa nzima kwa kuisoma ya kwanza kama ya pili. Angalia pia kile kichoro cha kopo lililofunguliwa: 12M maana yake miezi 12 tangu ulipolifungua.

Bandia ina dalili zake. Tarehe ya kwenye boksi hailingani na ya kwenye kopo, au utando wa ndani umeshabanduliwa. Kwa bamu na mafuta una kipimo kingine: chukua kidogo nyuma ya mkono, lainisha, ongeza maji. Isipogeuka nyeupe, rudi nayo dukani leo leo, na risiti.