Kutazama ndege wakati wa baridi: anza dirishani

Pole dada. Umesema tangu uhamie Minneapolis, Marekani, kutoka Mombasa, theluji ikianguka unajifungia ndani, huna cha kukufurahisha, na unauliza iwapo kutazama ndege kunawezekana kwenye baridi ile. Kunawezekana, tena vizuri: miti haina majani, ndege hawana pa kujificha.

Tundika chombo cha kulishia nje, utie mbegu nyeusi za alizeti. Ndege aitwaye kadinali atakuja, hasa alfajiri na jioni. Dume ni jekundu, na juu ya theluji utamwona hata bila darubini. Chombo kikae chini ya mita 1 kutoka kioo cha dirisha, au mbali kabisa, maana ndege akigonga kioo kwa kasi hufa. Safisha chombo kila wiki mbili, uchafu huwaambukiza maradhi.

Programu ya simu ya Merlin, ya Chuo Kikuu cha Cornell, ni ya bure na hutambua milio ya ndege. Ila usikose daftari: tarehe, ndege, alikuwa akifanya nini. Kwangu mimi raha kubwa iko humo. Februari kuna hesabu ya ndege ya siku 4, ambapo watu huhesabu ndege wanaowaona. Dakika 15 zatosha kushiriki.

Lakini huzuni ikikukalia zaidi ya wiki mbili, au usingizi na hamu ya kula vikivurugika, mwone daktari. Sonona (ugonjwa wa huzuni) ya majira ya baridi ina tiba.