Kuzunguka Wasini na Kisite kwa Boti Yenu Wenyewe

SWALI: Mimi na ndugu zangu wawili tumenunua boti ndogo ya faiba, nayo iko Shimoni. Likizo ya Agosti tunakusudia kuzunguka kisiwa cha Wasini na kufika visiwa vya Mpunguti na Kisite, tukiongozwa na ramani ya simu badala ya kukodi nahodha. Je, ramani hiyo inatosha? – Msomaji, Lang'ata, Nairobi.

JIBU: Haitoshi. Ramani itawaonyesha mlipo, lakini haitawaambia kuna maji kiasi gani juu ya mwamba saa hiyo, na katika pwani ya matumbawe hilo ndilo linaloamua kama mtapita au mtakwama. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti baina ya maji kujaa na kupwa huzidi mita 3, na nusu ya maji hayo huingia katika saa ya tatu na ya nne kati ya zile sita za kujaa. Wageni wa bara hushangaa kuona kwamba siku hizo maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, wakati uleule ambao wengi wao ndio kwanza wanapanda botini. Chagueni siku za maji mafu, yaani mwezi unapokuwa nusu na maji hayajai wala kupwa sana, au pitieni penye miamba maji yakiwa yanajaa, kwa kuwa boti ikigusa mwamba wakati huo itaelea tena baada ya muda mfupi, ilhali maji yakiwa yanapwa mtaketi hapo hadi yarudi.

Mmoja wenu asimame omo, yaani mbele ya boti, jua likiwa juu na nyuma yenu, asome rangi: buluu iliyokolea ni kina kirefu, kijani kilichopauka ni mchanga wenye maji machache, na hudhurungi ni mwamba. Jua likishaanza kulala rangi hizo hazisomeki, basi rudini mapema.

Agosti ni msimu wa kusi, upepo mkali utokao kusini. Wasini imelala mbele ya Shimoni kama ukuta, kwa hiyo mlango ulio kati yake na bara hubaki shwari, na ushwari huo ndio unaowadanganya watu. Mkikipita kisiwa kuelekea Kisite, mtakutana na mawimbi ya bahari kuu. Mkiweza kungoja hadi Machi, kaskazi, upepo utokao kaskazini, inapolegea, ngojeni.

Safari ya kwanza, nawasihi, mchukueni mvuvi wa Wasini, si awaendeshee, bali awafundishe alama za nchi kavu wanazozilinganisha kupata njia. Boti iwe na leseni ya KMA, mamlaka ya usafiri wa baharini ya Kenya, na kila abiria avae jaketi la kuokolea. Ndani ya hifadhi ya bahari ya Kisite na Mpunguti mtalipa ada ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na msitie nanga juu ya matumbawe. Fungeni kamba kwenye boya. Kusini mwa Kisite mpaka wa Tanzania hauko mbali, nao hauvukwi bila kupitia uhamiaji.