Tovuti za mtu wa makamo aishiye Kusini, na mitego yake

Mtu akishapita arobaini, simu yake inakuwa ofisi ya ukoo. Mtoto anataka mkopo wa chuo, mama kule Newala anadai cheti cha kifo cha mzee ili mirathi isogee, shemeji anauliza mnada wa jana korosho zimekwenda kwa bei gani, na mwenye simu naye presha imeanza kumsumbua. Kila shida hapo ina tovuti yake. Kinachoponza wengi ni kuandika swali Google na kugusa cha kwanza kinachojitokeza, na cha kwanza mara nyingi ni tangazo la kulipiwa, au blogu iliyonakili tangazo la mwaka juzi na kubadilisha tarehe.

Kwa hiyo anuani iandike mwenyewe, herufi kwa herufi, kwenye kile kisanduku cha juu. Taasisi za serikali ya Tanzania zinaishia na .go.tz. Neno "zinaishia" ndilo la kushika. Anuani kama heslb.go.tz.mkopo-haraka.com si ya serikali hata kama jina la Bodi ya Mikopo limo ndani, kwa sababu mwisho wake, kabla ya mkwaju wowote unaofuata, ni .com. Soma kutoka nyuma kwenda mbele na utaziona nyingi za namna hiyo, hasa miezi ya maombi ya mkopo na ya ajira.

Cha pili ni pesa. Malipo halali ya serikali yana namba ya kumbukumbu ya malipo, tarakimu 12, inayoanza na 99. Ukiiingiza kwenye simu, kabla hujaweka namba ya siri, skrini inakuonyesha jina la taasisi na kiasi. Jina likija la mtu, au ukiambiwa "tuma kwenye namba hii", hiyo ni ile meseji ya kitapeli tunayoijua wote, imevaa koti tu.

Vyeti na watoto

RITA, wakala wa serikali anayetoa vyeti vya kuzaliwa na vya kifo, iko rita.go.tz, na maombi yenyewe yanafanyika erita.rita.go.tz. Unafungua akaunti kwa barua pepe, unachagua huduma (cheti cha kuzaliwa, cha kifo, au uhakiki wa cheti ulichonacho), unapandisha viambatanisho, unalipa kwa namba ya malipo. Uhakiki ndio unaowaangusha wazazi wengi, maana Bodi ya Mikopo haikubali cheti cha kuzaliwa cha mwombaji, wala cheti cha kifo cha mzazi, mpaka RITA wakihakiki. Watu wanaanza fomu ya mkopo kwanza, wanakwama katikati, wanarudi RITA wakati foleni imejaa. Anza na uhakiki hata kabla dirisha la mkopo halijafunguliwa.

Picha ya cheti nayo ina namna yake. Ukipiga usiku kwa taa ya simu, mwanga unarudi kwenye laminesheni na ile namba ya ingizo inageuka doa jeupe. Anayehakiki haioni, ombi linarudishwa. Weka cheti juu ya meza yenye rangi nzito, karibu na dirisha, saa nne asubuhi, zima mwanga wa kamera, piga kutoka juu kabisa bila kuinamisha simu. Google Drive ina kitufe cha kuskani kinachotoa PDF moja kwa moja. Kisha angalia ukubwa wa faili: kama fomu imeandika kikomo cha MB 1 na faili lako ni MB 3, mfumo mara nyingi unakaa kimya tu, ukadhani ni mtandao.

Halafu majina. Huku kwetu Mohamedi, Mohamed na Muhammad ni mtu mmoja sebuleni. Kwenye mfumo ni watu watatu. Hadija na Khadija vilevile. Chukua cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa) ya mtoto, viweke sambamba, linganisha herufi moja moja. Tofauti ikiwepo, tafuta wakili au ofisi husika mapema, miezi kadhaa kabla, maana hakuna tovuti itakayolifumbia macho. Namba ya NIDA yenyewe ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Kwa hiyo kosa la tarehe unaliona kwa macho.

Mkopo unaombwa olas.heslb.go.tz. Ombi lifunguliwe kwa namba ya mtihani ya kidato cha nne ileile itakayotumika kuombea chuo. Aliyefanya mtihani mara mbili akichanganya namba, majina ya chuo na ya mkopo hayatakutana. Matokeo ni necta.go.tz. Siku yanapotoka usihangaike mchana, kurasa zake ni nyepesi na usiku wa manane zinafunguka hata kwa mtandao wa kubahatisha. Kwa mtoto aliye bado darasani kuna mbili tu za maana: maktaba.tetea.org, ambayo ina mitihani ya nyuma ya kupakua bure, na maktaba ya Taasisi ya Elimu, ol.tie.go.tz, yenye vitabu vya kiada. Ukishakuwa na hizo, yale makundi ya WhatsApp yanayouza "noti" hayana kazi.

Korosho: bei ya mnada si bei ya mfukoni

Bodi ya Korosho, ambayo makao yake makuu yako hapa Mtwara, ina tovuti cashew.go.tz. Minada ya msimu inaanza Oktoba, na matokeo yanasambaa WhatsApp kabla hata watu hawajatoka eneo la mnada. Tatizo ni kwamba yanasambaa nusu. Mtu anapeleka bei ya juu tu. Tangazo kamili lina bei ya juu na ya chini, ghala kwa ghala, na kilo zilizouzwa kila ghala. Bei yako ni ya ghala lilipo korosho zako, kisha toa makato: chama cha msingi, chama kikuu, ushuru, usafirishaji, ghala. Makato hayo yanabadilika kila msimu, na chama chako cha msingi kinapaswa kuyabandika ubaoni. Yaandike kwenye daftari mwanzo wa msimu, hesabu ya mwisho itakuwa rahisi.

Ukitaka kujua kama bei ya mnada ina mantiki, soma taarifa za soko la nje, lakini lazima ujue kuzitafsiri. Huko korosho ghafi inatajwa kwa dola kwa tani pamoja na paundi, mfano "Tanzania, paundi 48". Hizo paundi ni uzito wa kiini kizuri kinachopatikana kwenye gunia la kilo 80. Kipimo hicho unaweza kukifanya nyumbani: kata kilo moja ya korosho, pima kiini kizuri kwa gramu, zidisha kwa 0.1764. Gramu 272 zinakupa paundi 48. Ukipata gramu 250, uko kwenye 44, na mnunuzi anayeleta bei ya chini hajakuonea.

Sasa bei. Tuseme taarifa inasema dola 1,500 kwa tani. Gawa kwa 1,000 upate dola 1.5 kwa kilo, zidisha kwa kiwango cha dola cha siku hiyo kutoka tovuti ya Benki Kuu, bot.go.tz. Kikiwa shilingi 2,500, ni shilingi 3,750 kwa kilo. Kabla hujaanza kulalamika kwamba mnada umetoa chini ya hapo, angalia ile bei ni ya wapi. Ikiwa ni ya bandari ya India au Vietnam, ndani yake mna meli, bima na mzigo mzima wa gharama za msafirishaji. Wengi wanaogombana kwenye vibaraza vya chama wanagombana kwa sababu hii moja: mmoja ana bei ya bandari ya kule, mwingine ana bei ya ghala la hapa.

Mvua ni meteo.go.tz, Mamlaka ya Hali ya Hewa. Lindi na Mtwara tuko kwenye mvua za Msimu, Novemba hadi Aprili, kwa hiyo utabiri wa Vuli na Masika unaosikika redioni si wetu. Subiri wa Msimu. Na "chini ya wastani" haimaanishi ukame, inamaanisha chini ya kawaida ya eneo lako ya miaka mingi. Mwenye korosho ambazo bado ziko juani mwezi wa kumi na moja asome utabiri wa siku kumi, si wa msimu.

Maji na upepo

Anayekwenda pwani kuokota pweza na chaza, au mwenye ngalawa Mikindani, anajua bamvua, yale maji yanayojaa sana na kukupwa sana, kwa kuutazama mwezi. Jedwali la maji kwenye tovuti kama tide-forecast.com linamwongezea saa na kina. Chagua Mtwara, Lindi au Kilwa, mji ulio karibu nawe. Tuseme mstari wa siku unasomeka hivi: 04:05 mita 3.6, 10:15 mita 0.3, 16:25 mita 3.7, 22:35 mita 0.4. Hiyo ni saa ya Kizungu, toa sita. Maji yanajaa saa 10:05 alfajiri, yanakupwa saa 4:15 asubuhi, yanajaa tena saa 10:25 jioni. Tofauti ya zaidi ya mita tatu ni bamvua, mwamba utaonekana. Ukiona maji ya kupwa yako mita 1.2 na ya kujaa mita 2.5, hayo ni maji mafu, lala.

Mambo mawili yanaharibu hesabu. Kwanza, saa za jedwali zinasogea mbele karibu dakika 50 kila siku, kwa hiyo skrinishoti ya juzi haifai kesho. Pili, simu ambayo majira yake yamewekwa ya nchi nyingine itakuonyesha saa za huko. Toka nyumbani saa moja na nusu kabla ya maji kufika mwisho wa kupwa, na yakianza kugeuka nawe geuka.

Upepo uangalie sehemu mbili. Mamlaka ya Hali ya Hewa wanaandika kwa kilomita: "upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2". Windy.com kwa kawaida inaonyesha fundo, na fundo moja ni kilomita 1.85 kwa saa. Kwa hiyo ukiona 22 kwenye Windy usijipe moyo kwamba ni ndogo, ndiyo ile ile 40 ya tahadhari. Unaweza kugusa kipimo chenyewe kikabadilika. Wakati wa kusi, upepo wa kutoka kusini, kuanzia kama mwezi wa tano, asubuhi bahari inaweza kuwa shwari na mchana ikachafuka. Buruta mstari wa saa uone mpaka jioni, si saa ya kutoka tu. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilitangazwa siku kadhaa kabla. Taarifa ilikuwepo wazi kwa yeyote aliyefungua.

Mengine kwa haraka

Mwenye ajira aangalie taarifa ya michango yake kwenye mfuko wake wa pensheni, PSSSF au NSSF, sasa, akiwa na miaka 45, si akiwa na 59. Pensheni ya mwezi inahitaji michango isiyopungua miezi 180, na miezi ambayo mwajiri hakupeleka inafuatiliwa vizuri wakati mwajiri bado yupo na hati za mshahara hazijaliwa na mchwa. Kustaafu kwa hiari ni miaka 55, kwa lazima 60. Hesabu nyuma kutoka hapo.

Gari au bodaboda: faini za barabarani ziko tms.tpf.go.tz, unaingiza namba ya usajili. Bima ihakiki tiramis.tira.go.tz siku ileile unayoinunua, ukiwa bado mbele ya wakala. Kabla ya kununua chombo cha mtu, fungua zote mbili.

Afya: medlineplus.gov ya Marekani na who.int zinatosha, nazo kwa sehemu kubwa ni za Kiingereza. Tumia kitufe cha kutafsiri, japo Kiswahili chake kinachechemea. Zaidi ya kusoma, pima vizuri. Kaa dakika tano bila kuongea, miguu sakafuni, mgongo umeegemea, mkono usawa wa moyo, mkanda juu ya ngozi na si juu ya shati, bila kahawa nusu saa kabla. Pima mara mbili kwa kupishana dakika moja, andika zote. Ikirudiarudia 140 kwa 90 au zaidi, siku tofauti, peleka daftari kwa daktari. Dawa inayouzwa Facebook kwa ushuhuda wa picha haina nafasi hapa, tmda.go.tz, ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ndiko zinakoandikwa dawa zilizosajiliwa.

Mikopo ya simu: Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Leseni ihakiki bot.go.tz kabla ya kupakua programu, kwa sababu ikishaomba ruhusa ya kusoma majina yaliyomo kwenye simu yako nawe ukabonyeza ndiyo, siku ukichelewa kulipa watapigiwa mkwe, mwalimu mkuu na katibu wa msikiti.

Anuani zote hizi zikishafunguka, gusa nukta tatu za juu kwenye Chrome, kisha nyota, zibaki pale. Jedwali la maji na tangazo la mnada vipakue kabla hujaelekea kusiko na mtandao. Na kwa kuwa akaunti zote zimefungwa na laini yako, piga *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Ukikuta namba usiyoijua, nenda kwa mtandao husika na kitambulisho ikafutwe. Meseji za matapeli zipeleke 15040, bure.